Mdogo wangu ni mwigizaji: mhusika wake "ameuawa" kwenye tamthilia, sasa kaletewa mkataba wa kumfunga miaka 2. Asaini?

DadaMkubwaTabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua tasnia ya uigizaji kwa ndani, maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake.

Mdogo wangu wa kike alipata uhusika mkubwa kwenye tamthilia iliyovuma, mpaka sokoni wakawa wanamwita kwa jina la mhusika. Msimu mpya ulipoanza, mwandishi akamuua kwa ajali ya gari. Hakuambiwa mapema, alikutana nalo kwenye skripti kama wenzake. Tangu hapo simu zimekauka. Zinakuja sini (vipande vya igizo) mbili tatu za kupita, na zote wanamtaka awe yule yule mwanamke mkorofi.

Sasa kampuni nyingine imemletea mkataba. Vilivyonishtua ni hivi: Sh 200,000 kwa episodi, "takriban episodi 4 kwa mwezi", malipo "baada ya kituo kulipa", miaka 2 asifanye kazi nyingine yoyote ya sanaa, mavazi na nywele juu yake, picha yake itumike "kwa matumizi yoyote ya kampuni", jina la mhusika ni mali ya kampuni. Wanataka jibu wiki hii.

Asaini? Na kama kazi hii ina vipindi vya ukame namna hii, anajipangaje? Nawasilisha.

PopoBawaJr

Asaini dada. Mwenye njaa hachagui mkataba.

KalamuNyekundu

PopoBawa, njaa ya mwezi mmoja anaweza kuisaini ikawa ya miaka 2.

Mleta mada, bei si tatizo la kwanza hapo. Tatizo la kwanza ni neno "takriban". Mkataba huo unamfunga yeye miaka 2, lakini haumlazimishi mtayarishaji kumpa hata episodi moja. Mwandishi akimpeleka mhusika "masomoni nje" miezi mitano, mdogo wako anakaa nyumbani bila hela na haruhusiwi kushuti kwingine. Waandike idadi ya chini: "si chini ya episodi 3 kila mwezi, na zisiposhutiwa zinalipwa". Wakikataa kuahidi idadi, na kifungo cha kutofanya kazi kwingine kiondoke. Hawawezi kumweka akiba bure.

Kifungo chenyewe kipunguzwe. "Kazi yoyote ya sanaa" inabeba jukwaa, redio, kuingiza sauti, ushereheshaji, filamu fupi, hata video ya wimbo. Mtayarishaji ana haki ya kuhofia kitu kimoja tu: sura ile ile kuonekana kwenye tamthilia ya chaneli pinzani wakati yake iko hewani. Basi iandikwe hivyo hivyo: asishiriki tamthilia nyingine ya televisheni kuanzia siku ya kwanza ya kushuti mpaka siku 30 baada ya episodi yake ya mwisho kurushwa. Hapo inatosha.

"Malipo baada ya kituo kulipa" ni kipengele kibaya kuliko kinavyoonekana. Vituo vingi humlipa mtayarishaji kwa mafungu, na fungu la mwisho hutoka baada ya episodi kupokelewa na kukaguliwa picha na sauti. Sauti ikiwa na kelele, episodi inarudishwa, malipo yanasogea. Mwigizaji hashiki maiki wala hahariri, kwa nini asubirishwe kwa kosa la mwingine? Atake asilimia 30 siku ya kusaini, kwa kundi la kwanza la episodi, na zinazobaki ndani ya siku 14 tangu kundi hilo limalizike kushutiwa. Tarehe ihesabiwe kutoka kwenye kushuti, jambo analoweza kulithibitisha kwa karatasi ya ratiba ya siku. Hizo karatasi azitunze zote, hata za WhatsApp azipige picha.

Halafu "episodi" ni nini? Episodi ya dakika 25 anaweza kuwa na sini 2 au sini 12. Isitoshe, tamthilia haishutiwi kwa mfuatano wa hadithi. Inashutiwa kwa lokesheni: sini zote za sebuleni za episodi 8 zinapigwa mfululizo, kisha mnahamia hospitalini. Anaweza kuwa seti siku 9 kwa mwezi kwa hela ya episodi 4, au siku 3 kwa hela hiyo hiyo. Kiwekwe kikomo: kila episodi inahesabiwa kuwa siku 2 za seti, ikizidi kila siku inalipwa nusu ya bei ya episodi. Siku ya seti iwe ya urefu wa saa 12 tangu muda aliotakiwa kuripoti. Kamera ikiwaka saa nne wakati yeye kafika saa 12 asubuhi, hiyo ni hasara ya uzalishaji.

Picha "kwa matumizi yoyote" ifutwe. Ibaki "kwa kuitangaza tamthilia hii pekee". La sivyo ataona sura yake kwenye bango la sabuni na hana pa kudai. Wakongwe wanakumbuka suala la King Majuto, marehemu Amri Athumani: mwaka huo huo wa 2018 aliofariki, kilio cha mikataba yake ya matangazo kilifanya wizara iunde kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee aliyechekesha nchi nzima! Matangazo ya biashara yawe na mkataba wa peke yake, bei ya peke yake, muda wa peke yake.

Jina la mhusika kuwa la kampuni ni kawaida, asipoteze nguvu hapo. Aombe sentensi moja tu, kwamba anaruhusiwa kujitambulisha hadharani kuwa ndiye aliyemcheza mhusika huyo. Bila hiyo wanaweza kumzuia hata kuandika kwenye ukurasa wake wa Instagram.

Na kifo cha mhusika kiwe na notisi: siku 30 kwa maandishi, au alipwe idadi ya chini ya mwezi mmoja.

DadaMkubwaTabata

KalamuNyekundu ubarikiwe. Swali: tamthilia ikirudiwa rudiwa na chaneli, analipwa tena? Ile ya mwanzo inarudiwa mpaka leo na hajaona kitu.

KalamuNyekundu

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inawatambua watendaji wa sanaa, waigizaji wakiwemo. Lakini kwa kazi za picha jongefu, mikataba mingi humfanya mwigizaji auze haki zote za ushiriki wake kwa malipo ya mara moja. Akishasaini hivyo, marudio ni ya mtayarishaji na kituo. Kama anataka kitu kwenye marudio kiandikwe sasa, hata kiwe kidogo: mfano asilimia 10 ya bei ya episodi kila msimu ukiuzwa kwa kituo kingine. Kuuzwa kituo kingine ndiyo mahali pa kukazania, maana kuna ankara. Marudio ndani ya kituo kile kile hayana hela mpya, utabishana bure.

MtuWaSeti

KalamuNyekundu yuko sawa kwenye karatasi, ila idadi ya chini inayolipwa hata isiposhutiwa ni ngumu kwa kampuni ndogo. Mtayarishaji mwenyewe hana uhakika wa kituo. Ukibana hapo watamchukua mwingine na yule mwingine atasaini bila kusoma. Mimi ningeacha idadi, ningekazania kifungo kifutwe. Mwigizaji aliye huru mwenye episodi 2 ni bora kuliko aliyefungwa mwenye ahadi ya 4.

Sasa la simu kukauka. Si lazima awe ameboronga. Tamthilia inapokuwa hewani, watayarishaji wengine wanamkwepa makusudi, sura yake imeshikwa na mtu. Akiuawa, anaachiwa sokoni akiwa na ushahidi wa aina moja tu, na kila anayemtafuta anamtafuta kwa ule ushahidi. Ndiyo maana analetewa ukorofi tu. Anayechagua waigizaji ana siku chache za kujaza majina 15, habahatishi.

Afanye hivi. Atengeneze video ya kujinadi ya sekunde 90, isizidi dakika 2, yenye vipande 3. Cha kwanza kiwe kitu ambacho hawajamwona nacho: mama aliyefiwa anayejaribu kutolia, mwalimu mpole, mtu anayedanganya kwa upole. Ukorofi uwekwe mwisho. Kipande cha kwanza kianze yeye akiwa tayari kwenye fremu, maana sekunde 10 zikipita bila uso wake mtu ameshafunga. Hakuna muziki, hakuna maandishi yanayoruka, na mwigizaji mwenzake asimfunike. Hana vipande vya namna hiyo? Atafute wanafunzi wa filamu wanaohitaji mwigizaji wa kazi zao za darasani, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Yeye anawapa sura inayojulikana, wao wanampa picha safi. Makubaliano yawe kupata nakala ya sini zake ndani ya mwezi mmoja. Yaandikwe, maana mwanafunzi akishapata maksi anapotea.

Kingine, na hiki hakisemwi mbele ya msanii: kabla ya kumpigia, mtu wa uzalishaji anampigia meneja wa seti iliyopita. Maswali ni matatu. Anafika saa ngapi? Anajua mistari au anasomewa? Nguo za kontinyuti (zile zile alizoshutiwa nazo, ili sini zifuatane bila kubadilika) anazileta? Hilo la tatu linaangusha wengi kwa sababu mavazi ni ya msanii mwenyewe. Sini ya mlangoni imepigwa Jumatatu kwa gauni la kijani, ya ndani inapigwa Alhamisi wiki inayofuata, gauni ameshamwazima binamu. Mnapoteza nusu siku. Awe na begi la kontinyuti: kila vazi lililoshutiwa, na hereni zake, viatu vyake na picha ya nywele, halitoki mpaka mwongozaji aseme sini hizo zimefungwa.

HesabuZaMtaani

Mimi naingia kwenye ukame tu. Tuchukue mkataba huo huo. Episodi 4 kwa 200,000 ni 800,000. Kampuni ikifuata sheria itakata kodi ya zuio asilimia 5 ya huduma, 40,000, inabaki 760,000. Adai cheti cha kodi hiyo, kitamfaa akifanya hesabu zake na Mamlaka ya Mapato (TRA), asiachie ikatwe kimya kimya. Toa nywele na nguo 150,000, usafiri wa seti 120,000 (kushuti kukiisha usiku daladala hakuna), bando na vocha 40,000. Zimebaki 450,000.

Watu wengi wanakosea hapa: wanapanga nyumba ya 450,000 kwa mwezi. Mwigizaji wa tamthilia akipata miezi 8 ya kazi ndani ya 12 ameshukuru. 450,000 mara 8 ni 3,600,000. Gawa kwa 12, unapata 300,000. Huo ndio mshahara wake halisi. Kodi ya chumba, chakula, na kile kinachotumwa nyumbani viingie ndani ya 300,000. Ile 150,000 inayobaki kila mwezi wa kazi iende akaunti nyingine isiyo na kadi wala isiyo kwenye simu. Baada ya miezi 8 ina 1,200,000, sawasawa na miezi 4 ya 300,000.

Mavazi yakihamia kwa kampuni, au wakampa posho ya mavazi ya 100,000 kwa mwezi, ni sawa na kumwongezea 25,000 kila episodi. Wakigoma kupandisha bei, aombe hilo. Kampuni nyingi zinaona posho ni jambo dogo kuliko kupandisha bei, kwa sababu bei ikipanda kwa mmoja waigizaji wote wataisikia.

Ajiunge na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mpango wa hiari wa waliojiajiri. Umaarufu hauna pensheni. Na asiingie kwenye gari la mkopo ili "aendane na jina". Akikosa marejesho miezi mitatu linaondoka na blogu zinaandika.

Kongwe77

Niongeze kitu kuhusu kupanda na kushuka, kwa sababu vijana hudhani ni nyota ya mtu. Mara nyingi ni njia ya kuuza inayobadilika. Wakati wa kundi la maigizo la Kaole na ITV mwigizaji alijulikana nchi nzima kwa kipindi cha wiki, kipato kidogo. Zikaja kanda na VCD, soko likahamia Kariakoo, filamu moja ikakatwa sehemu ya 1 na ya 2 ili iuzwe mara mbili. Hapo ndipo kina Kanumba walipokua na bei zikapanda. Msambazaji alinunua kava: sura ya nani iko mbele. Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, wakati soko hilo lilikuwa tayari linaliwa na kopi za wizi. 2013 zikaja stempu za TRA kwenye kazi za filamu na muziki, lakini mtu wa kibanda anayekujazia filamu 20 kwenye flashi hakuhitaji stempu. Mwaka ule ule Azam TV ikaanza, baadaye Maisha Magic Bongo ya DStv, hela ikahamia kwenye tamthilia.

Angalia walioanguka na walioendelea. Wengi walioanguka walikuwa sura za kava, na kava lilipokufa wakabaki na jina. Walioendelea waliweza kuhama, kama Lulu (Elizabeth Michael) aliyeanza mtoto Kaole na Machi 2016 akasimama Lagos kupokea tuzo ya AMVCA, tuzo za filamu za Afrika. Tamthilia nayo itapita. Kwa hiyo nakubaliana na MtuWaSeti: miaka 2 ya kufungwa sehemu moja ni kumzuia asijifunze njia inayokuja.

SautiKavu

Kuhusu njia nyingine: kuingiza sauti. Tamthilia za Kituruki, Kichina na Kihindi zinatafsiriwa Kiswahili, na waigizaji wa jukwaani na redio wanafanya vizuri huko kuliko maarufu. StarTimes wamewahi kuendesha mashindano ya sauti hapa nchini na washindi wakaenda Beijing. Hakuna nywele, hakuna nguo, kelele za mtaani hazikuhusu, na mhusika mkorofi hakufuati kwa sababu sura haionekani.

Ila si kusoma. Unasikia sauti ya asili sikio moja, unaona midomo, na sentensi yako ianze na kuisha pamoja nayo. Kosa la kawaida ni tafsiri ndefu kuliko mdomo, Kiswahili hurefuka. Mwigizaji anakimbiza maneno na hisia zinapotea. Unatakiwa kufupisha papo hapo bila kuharibu maana, kisha unamwonyesha mwongozaji. Mazoezi: achukue kipande cha dakika 2 cha lugha asiyoijua, azime sauti, aandike maneno yake mwenyewe, arekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo (nguo zinameza mwangwi). Akiweza wahusika watatu wenye sauti tofauti bila kukwaruza koo, anaweza kwenda kujaribiwa. Bei akubaliane kwa episodi na idadi ya wahusika. Wakisema "sauti ndogo ndogo tu", aulize ngapi.

DadaMkubwaTabata

Nimesoma yote, asanteni sana. Hoja zenu nimezipeleka kwa kampuni. Kampuni inasema "mkataba ni mmoja kwa wasanii wote, haubadilishwi". Pia kuna watu wa Nairobi wamemwandikia wanataka ajirekodi nyumbani sini mbili, na kaka yetu anasema afungue chaneli ya YouTube aachane na hao wote. Mdogo wangu hajawahi kujirekodi, anazo siku tatu.

KalamuNyekundu

Mkataba haubadilishwi, sawa. Aandike kiambatisho cha ukurasa mmoja: "Pale ambapo kiambatisho hiki kinapingana na mkataba mkuu, kiambatisho ndicho kitakachofuatwa." Humo aweke mambo manne tu: kifungo, tarehe ya malipo, picha, notisi. Ya bei ayaache, waone hajaja kuvuruga. Kisainiwe na yule yule aliyesaini mkataba, siku ile ile, na namba ya mkataba itajwe. Ahadi za "tutaelewana" kwenye simu azifuate kwa ujumbe: "Kama tulivyokubaliana leo..." Wakikataa hata picha na notisi, ambavyo haviwagharimu shilingi, hapo wamejibu swali lako la kwanza. Na kabla ya yote aulize kama kampuni ina kibali cha Bodi ya Filamu cha kazi hiyo. Isiyo nacho haina haraka ya kushuti, ina haraka ya kukusanya majina ya kuonyesha kituo.

MtuWaSeti

Ya Nairobi ndiyo ya haraka. Simu ilale kwa mapana, juu ya kitu kisichotikisika, lenzi usawa wa macho yake. Fremu kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Ukuta mtupu wa rangi moja, yeye akae mbele yake mita moja au moja na nusu ili kivuli kisimgandie. Mwanga wa dirisha uje mbele yake kwa upande kidogo, asilipe dirisha mgongo. Feni izimwe, friji ichomolewe, kanga au blanketi zitandikwe sakafuni na kwenye ukuta ulio nyuma ya kamera.

Anayemsomea mistari akae karibu kabisa na lenzi, sikio lake likiwa ubavuni mwa lenzi, na asome kwa sauti ya chini kuliko yake bila kuigiza. Wewe dada ndiye utakayesoma, na nakujua tu utataka kuigiza. Usiigize. Yeye akutazame wewe, asitazame lenzi, isipokuwa akijitambulisha: jina, urefu, anakoishi, kisha arudi nyuma aonekane mwili mzima.

Waigizaji wa tamthilia wanapokosea ni ukubwa. Sini zetu zinasukumwa kwa sauti na macho. Hapo kamera iko nusu mita, nyusi zikipanda zimepiga kelele. Arekodi mara mbili: moja kama alivyoielewa, ya pili apunguze nusu ya kila kitu. Atume zote mbili, kila sini faili lake, picha 1080p, jina la faili liwe jina lake, mhusika na namba ya sini. Asitume kwa WhatsApp kama video, inabanwa na kuharibika. Atume kiungo, na akifungue kwanza kwenye simu ya mtu mwingine, kama kinaomba ruhusa hawatahangaika kuiomba. Na asijilazimishe Sheng. Wamemwona Kiswahili chake ndipo wakaandika.

HesabuZaMtaani

YouTube si badala ya kazi. Ili ilipe matangazo inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Kwa sura yake 1,000 ni rahisi. Saa 4,000 ndizo kazi: video ya dakika 10 inayotazamwa wastani wa dakika 4 inahitaji mitazamo 60,000. Afungue leo kwa jina lake mwenyewe, lile la mhusika si lake. Aweke ile video ya kujinadi na vipande viwili vifupi. Asinunue kamera. Na aangalie: kifungo cha "kazi yoyote ya sanaa" kikibaki kama kilivyo, hata chaneli hiyo wanaweza kuifunga.

DadaMkubwaTabata

Kiambatisho nimekiandika usiku huu, nakipeleka kesho asubuhi. Ya Nairobi tunarekodi kesho saa tatu, jua likiwa upande wa dirisha. MtuWaSeti, zile mbili, ipi itangulie kwenye kiungo?

MtuWaSeti

Ile ya kupunguza nusu.